Dhiraa Tatu Kasorobo

Tuguldur, wewe hukumbuki. Ulikuwa na miezi kumi na mitatu.
Mimi nilikuwa na miaka tisa; nakumbuka kwa niaba yako.

Kamba ilisokotwa kwa manyoya ya ngamia.
Ncha moja kiunoni mwako, ya pili kwenye tendegu la kitanda,
na baba aliipima ikome hatua mbili kabla ya jiko.
Usidhani ni ukatili. Jiko liliiva jekundu hadi shingoni,
na ndani ya hema la sufu, theluji ikiwa imetuzingira,
moto uliotuweka hai ndio uliounguza watoto.
Hata mimi nilifungwa. Hata baba, enzi zake.

Ila ule ulikuwa mwaka wa barafu.
Theluji iliganda juu ya majani kama kifuniko,
kwato zikakwaruza, zikakwaruza,
na asubuhi tukahesabu mbuzi waliokufa wima.
Baba akaacha kusema.
Mama akabaki na mikono tu: kukanda, kuchota, kubeba.
Nawe, ndani ya duara lako, ukalia siku kumi,
kisha ukanyamaza, nasi tukashukuru.
Mtoto mtulivu, tukasema.

Bibi Dulamsuren, shangazi yake mama,
alikuja kuomba samadi kavu ya kuwashia moto.
Akakutazama mpaka chai ya chumvi ikaisha bakulini.
Wewe hukumtazama.
"Huyu hajatulia," akasema. "Huyu amejizima."

Nilidhani ataifungua kamba.
Alivua buti, akakunja magoti yake mabovu, ka, ka,
akaingia yeye ndani ya duara.

Mfukoni alikuwa na vifupa vinne vya kifundo cha kondoo,
vimelainishwa na vidole vya watu waliokwisha kuzikwa.
Kila kifupa pande nne, kila upande na jina lake:
mgongo uliotuna, kondoo; tumbo lililobonyea, mbuzi;
ubavu huu farasi, ubavu ule ngamia.
Akarusha. Akataja. Akakuinamia,
akangoja zamu yako
kama angojavyo mtu aliyetoa salamu.

Siku ya kwanza hukujibu.
Ya pili, ukatia kifupa kinywani.
"Haya, kondoo ameliwa," akacheka peke yake.
Ya nne, au labda ya sita, ulikipiga kofi kikaruka,
ukamtazama usoni kuona kama ameona.
Ameona! Mama alisimama na ndoo, maji yakimwagika.

Nje walikufa mia na sabini.
Juu ya godoro, kundi likaongezeka:
mimi ndiye niliyekuletea kifupa cha tano, na cha sita,
na sikukwambia nilivitoa wapi.

Usiku mmoja baba aliingia, barafu kwenye nyusi,
akakaa nje ya duara.
Kifupa kikabingirika, kikagota butini mwake.
Ulikifuata hadi kamba ikakaza,
ukanyoosha mkono, na mkono haukufika.
Baba alikiangalia kama mtu aliyepewa barua
na hajui kusoma.
Akakiokota. Akakirusha.
"Farasi," akasema, neno la kwanza tangu mwezi ulipoandama.
Nawe ukasema nusu yake.
Nusu ya farasi, Tuguldur, na hema zima likaamka.

Baadaye, chuoni mjini, mwalimu alichora ubongo wa mtoto ubaoni,
mishipa ikitafutana kama mizizi penye unyevu.
Nilinakili vizuri, nikafaulu.
Lakini nilichosikia darasani ni magoti: ka, ka.

Jana nimekukuta ukimpimia kamba binti yako,
dhiraa, dhiraa, dhiraa kasoro shibiri,
umekunja uso kama fundi.
Ukafunga fundo, ukalivuta mara mbili.
Nikangoja, sikusema kitu.
Ukavua buti.