Farasi wa Siku Ile

Tulitoka Swabia kwa majahazi ya mto, kisha kwa miguu,
kaya arobaini, tukizika watoto njiani,
kwa kuwa Baba na wenzake walikuwa wamehesabu miaka
wakaona Bwana atashukia upande wa mashariki,
na alalaye karibu na mlango ndiye awahiye kufungua.

Tukakomea chini ya milima ya Kaukasi.
Tukapanda mizabibu. Mama na mimi
tulibeba samadi migongoni, maana Hosana,
farasi jike mweupe mwenye doa shingoni,
hakuguswa na plau.
"Huyu ni wa siku ile," alisema Baba,
akampiga viatu vya chuma kila majira,
akamlisha shayiri tuliyoitamani sisi.

"Uko," Baba alisema juu ya ufalme.
Una kuta, una urefu na upana, una mitaa ya kukanyagwa kwa buti.
Nani aliyewahi kupima fumbo kwa fimbo?
"Umo," Mama alijibu, mikono ndani ya unga,
hata macho hakuinua.
Silabi moja tu,
nao walilala kitanda kimoja miaka thelathini na miwili,
silabi ile katikati yao kama mtoto mwenye homa.

Kijiji nacho kikapasuka. Gottlob mshona viatu alihubiri
kwamba kila lango la ule mji ni picha ya moyo;
nduguye akaapa kutonunua tena kiatu kwake,
akatembea pekupeku hadi Pasaka.

Februari, theluji ya magotini.
Vartuhi, Mwarmenia wa ng'ambo ya kijito, akagonga:
koo la mwanawe Siran limeziba,
na daktari yuko mjini, mwendo wa saa nne.
Baba alikuwa amelala kinuni.
Mama alisimama mbele ya hori, kitambo kirefu.
Kisha akatwaa tandiko
ambalo halijawahi kulowa jasho.

Baba aliporudi alikuta nyayo:
tatu za chuma, moja tupu.
Akazisoma kama alivyosoma unabii,
alama baada ya alama, bila kuruka,
hadi mlangoni kwa Vartuhi, na mtoto ndani anakunywa supu.
Hakufoka. Usiku, taa imezimwa, nikamsikia:
"Je, kama angekuja jana?"
"Angetukuta njiani," alisema Mama.

Miaka mingi niliyahesabu hayo kuwa ushindi wa Mama.
Siku hizi sina hakika.
Bonde zima, usiku ule, farasi wote walikuwa wamechoka kwa magogo,
kwato zimepasuka, mbavu nje.
Mmoja tu alikuwa ameshiba, amevishwa chuma, yuko tayari,
na aliyemweka tayari ni mzee mwenye kamba ya kupimia
aliyengoja mji wenye mawe ya kweli.

Baba tulimzika miguu ikielekea mashariki.
Siran alikuja, mwanamume mwenye ndevu,
akaninong'oneza kwa Kijerumani chake cha kuungaunga:
huo ufalme, dada, upo?
Sikumjibu. Nilikuwa namtazama Mama,
ameinama juu ya jeneza kabla halijafunikwa,
anamfunga Baba kamba za buti,
mafundo mawili kila mguu,
kama afungwaye mtu wa safari ndefu.