Mshale Usiorudi Sifuri

Mimi ni karani wa mizani, ghala la kahawa,
barabara ya Bufumbo, Mbale.
Uzito naujua, ndio ugali wangu:
gunia linatundikwa, mshale unaruka,
sitini na mbili, naandika,
gunia linashushwa, mshale unarudi sifuri.
Hapo ndipo namwita anayefuata.

Novemba nilibeba, sikatai.
Foleni hadi kwa fundi baiskeli,
mvua ya Masaaba ikimwaga kokoto juu ya mabati,
lori linanguruma, tajiri anapiga simu kila robo saa,
Mzee Wamono anaapa nimempunja kilo tatu.
Kichwa kiligonga. Nilimfokea mtoto wa watu
kwa sababu ya kalamu.
Lakini Jumamosi, hesabu ilipolingana,
nilikula malewa kwa mama, nikacheka,
nikalala kama gunia lenyewe.
Ule ulikuwa mzigo.
Nilijua umekaa wapi na utashuka lini.

Februari ghala likabaki tupu.
Panya, vumbi, kamba za katani.
Simu ya tajiri kimya.
Na bado
saa tisa usiku kifua kinatundikwa kwenye ndoano,
moyo unasoma kilo ambazo hakuna aliyezileta.
Naamka kugusa kufuli. Nalala.
Naamka kugusa kufuli.
Naogopa nini? Ningekijua ningekipima.
Nikaacha kwenda sokoni, kisha kanisani,
kisha nikaacha kupokea simu za dada,
nikasingizia mtandao.

Mama akasema: jikaze, Khainza, wenzako nao wana yao.
Nikajikaza. Wiki sita nilijikaza
mpaka taya zikauma.

Ndipo akaja Wepukhulu kukagua mizani kabla ya msimu,
mtu wa maneno machache na grisi nyingi kuchani.
Akaiacha ndoano ining'inie, akasubiri.
Mshale ukasimama kwenye nne, unatetemeka,
chini yake hewa tu.
"Unaona? Mzigo haupo.
Ingekuwa inarudi, ningesema ni kazi za kila siku.
Hii springi imechoka. Haikukusudia kudanganya.
Uitukane, uipige, hairudi. Inataka kufunguliwa."

Nilikwenda kulia nyuma ya ghala, kwenye pipa la mvua.
Yeye akadhani nalilia bei ya matengenezo,
akapunguza elfu tano.

Alhamisi nikapanda boda hadi hospitali.
Mara mbili nilimwambia kijana ageuze.
Mara ya kwanza aligeuza.
Mara ya pili akajifanya hasikii, Mungu amzidishie.

Muuguzi anaitwa Nandudu. Aliuliza:
tangu lini? Usiku unalala saa ngapi?
Kazi ikiisha, hofu nayo huisha?
Umeacha nini ulichokuwa unakipenda?
Umewahi kuona afadhali usiamke?
Hapo nikanyamaza. Nje mtu alikuwa anaburuta benchi.
Nikasema: mara moja.
Hakuruka. Alivuta kiti karibu, akaandika
kama mimi ninavyoandika, tarakimu kwa tarakimu,
wala hakusema nimeongeza kilo.

Sijapona, msinipigie vigelegele.
Narudi kwake kila baada ya wiki mbili.
Mama siku hizi hasemi jikaze, anasema umekula?
Juzi niliamka saa tisa
nikaliacha kufuli lilale.

Msimu unakuja na magunia yake. Yaje,
mimi na magunia hatuna ugomvi.
Jioni, la mwisho likishashushwa,
sikimbilii kufunga mlango.
Nausubiri mshale.
Unatetemeka kwenye moja,
unafikiri,
nusu.