Dimmalætting

Tórálvur alikuja na kisanduku cha viatu
kilichojaa vikaratasi, kila kikaratasi neno moja,
na penseli iliyonolewa kwa kisu cha samaki.
Kisiwa kizima kilikuwa kimelala Januari yake.
Yeye alikuwa amekwama kwenye neno lao la alfajiri.

Dimma: hilo lilikuwa jepesi. Giza.
Si giza la pangoni, ni hili la Faroe,
linaloingia saa tisa alasiri bila hodi
na kuvua viatu kama mgeni atakayelala.
Lakini lætting?
Akaandika: mwanga.
Akaweka alama ya kuuliza. Akaifuta.

Mlango ukasukumwa kwa bega.
Malan akaingia ubavu ubavu, maana kapu la mbao mgongoni
lilikuwa pana kuliko mlango wa mumewe,
limesheheni udongo mweusi wa kuchoma,
mkanda wake umelala kwenye paji la uso.
Akalitua juu ya benchi.
Akavua mkanda. Chini yake, mstari mwekundu.
Akashusha pumzi ndefu, kisha akachungulia kikaratasi.

«Umekosea. Humo hamna mwanga.
Wewe umetoka nje? Umeona nini?»
«Sijaona kitu.»
«Basi. Giza liko lote, halijapungua hata kijiko.
Limepungua uzito tu.»
Akajipapasa shingo.
«Lætta ni hivi nilivyofanya sasa hivi.»

Akatoka kuhakiki, kama wasomi wafanyavyo,
bila kofia. Mlima haukuwapo, wala ghuba.
Kondoo mmoja alikohoa mahali fulani juu yake.
Alisimama hadi masikio yakafa ganzi,
na kabla jicho halijapata chochote
mabega yake yakashuka, yenyewe.

Sisi husema kumekucha:
kitenzi kisicho na mtu,
jambo limetukia mahali, tukaamka nalo,
wala hatuulizi usiku ulibebwa na nani hadi hapa.
Wao, kwa silabi nne,
wameiweka shingo ndani ya asubuhi.

Alifuta «mwanga» kwa nguvu mno, karatasi ikatoboka.
Akaandika kuzunguka tundu lile:
kutuliwa giza. La, giza kuwa jepesi. La.
Alipoinua uso kumuuliza Malan tena
benchi lilikuwa na vumbi jeusi tu,
na mlango haukufungwa vizuri.
Zilibaki safari tatu kabla ya chai.