Pembe za Inspekta

Duka liko nyuma ya soko, Kakamega mjini,
na kijana wa kuuza ulimi wake umepakwa samli.
"Hii ruta, mama, ina antena sita.
Sita! Itashika mpaka Khayega."
Ananigeuzia kasha huku na huku
kama mtu anayeuza jogoo kwa mkia.

Mimi ni binti wa mzee Shitanda.
Nimekua nikishika taa zizini
huku baba akipapasa mafahali ya watu.
Pembe hakuzitazama.
Alienda shingoni, akaenda kwenye kwato,
akasimama nyuma akisikiliza pumzi.
"Pembe," alisema, "ni za kutisha watoto.
Anayesukuma ni shingo."

Basi nikauliza shingo.
Inameza laini ya kampuni yoyote, au ya mmoja tu?
Wakipanda watu kumi pamoja, itapiga magoti?
Umeme wetu wa kutetemeka, itauvumilia?
Kijana akajikuna. Akasoma kasha upya,
safari hii kwa sauti ndogo.
Nikatoka na ile ya antena mbili,
nyeusi, fupi, nzito mkononi,
na elfu mbili za chenji.

Faiba? Kwetu nguzo zilikuja,
waya zikasahau njia.

Nyumbani ndipo kazi ilipoanza.
Mezani: taa nyekundu.
Juu ya friji: nyekundu, na friji inanguruma kwa wivu.
Chumbani kwa Mmbone: kijani, nyekundu, kijani,
kama shahidi aliyehongwa na pande zote mbili.
Matofali haya tuliyachoma wenyewe,
mapana, tukajisifu hayapitishi baridi.
Hatukuuliza ni nini kingine hayapitishi.

Mmbone anazunguka, simu mbele kama mshumaa.
"Vistari viwili, mama. Kimoja. Rudi nyuma. Hapo!
Aah, umeshasogea."

Mpaka kona ya dirisha la mashariki,
kwenye rafu yenye doa la mraba lisilotoka kwa sabuni.
Hapo redio ya baba ilikaa miaka thelathini
na ole wake aliyeisogeza kupangusa vumbi.
Tulidhani ni ukaidi wa mzee.
Kumbe naye alizunguka.
Kumbe naye alikuwa na mtu wa kumwambia
hapo, hapana, hapo.
Labda mama.
Nikaiweka ndani ya doa. Ikaenea, nafasi ikabaki.
Taa nne, kijani, hazipepesi.

"Jina la mtandao?" anauliza Mmbone.
Kiwanda kilikuwa kimeipa herufi na tarakimu
kama mfungwa.
Andika Inspekta, nikasema.
Fahali wa mwisho wa baba,
aliyemfukuza mpinzani nje ya kiwanja
mpaka katikati ya shamba la miwa la mtu,
na miwa tukailipia sisi.
"Na neno la siri?"
Lile la kiwandani tulilifuta kwanza,
maana hilo ni boma lenye lango la kamba.
La kwetu silitaji hapa.
Ni hesabu ya ile miwa, shilingi kwa shilingi,
ikifuatwa na tusi la mwenye shamba.

Saa tisa, kama kawaida,
mbingu ikakunja uso juu ya msitu.
Radi ya huku haibishi hodi.
Nikachomoa waya ukutani.
Kimya. Mabati yakaanza kusema peke yao.

Kisha, nje ya ua wa michongoma,
vijana wa Lung'aho, gunia kichwani, simu kifuani
(na aliyewapa neno la siri ni Mmbone,
naona anavyotazama pengine)
wakapaza sauti ndani ya mvua,
swali lilelile walilouliza baba zao
alfajiri za Jumamosi, hapohapo uani:
"Inspekta amelala?"

"Amefungwa," nikajibu,
waya mkononi kama kamba.
"Mvua ikipita nitamtoa."