Kidole cha Shahada

Kofia moja ina vitundu elfu na kitu.
Sikuhesabu mie. Alihesabu Mundhir, mwanangu wa mwisho,
siku moja ya homa, kajilaza mkekani, penseli sikioni.
Kila kitundu sindano huingia mara sita, mara saba,
na sindano haijui nguo inaishia wapi na nyama inaanzia wapi.

Miaka kumi na tisa nimevuta
juu ya paa la nyumba yetu Mabela,
nyuma ya tangi la maji,
pale viyoyozi vya jirani vinapounguruma
vikafunika sauti ya kiberiti.
Mbili baada ya alasiri. Moja usiku, wakishalala.
Kisha nashuka, natia makaa chetezoni,
najifukiza udi nguo, nywele, viganja,
na wageni wakiingia husema:
kwa Shinuna hakunuki ila pepo.
Udi wa riali arubaini
kufunika sigara ya baisa chache.

Pua za watu nilizihadaa.
Kidole kilikataa.

Kidole cha shahada, mkono wa kushoto,
kile kinachoipokea ncha chini ya kitambaa:
kila kikidungwa, kinatunga usaha.
Akina Ghaniya hudungwa, wakanyonya damu,
wakaendelea na umbeya wao.
Changu kikivimba wiki tatu, kikipwita usiku
kama kina moyo wake peke yake.
Na mafua, usiseme! Mtu akipiga chafya Sohar,
mie nalala kitandani Mabela.

Dokta wa kituo cha afya, kijana wa juzi,
alinusa udi, halafu akaninusa mie.
"Unavuta, mama." Wala hakuuliza.
Akanipa habari za askari wa damu
waliolewa moshi: hawa wanapiga pasipo adui,
hawa wanasinzia lindoni,
na njia za kwendea vidoleni zimebana.
Nikaitikia. Lakini askari mie siwajui.
Nawajua mafundi.
Nikaona chumba kimejaa wanawake,
wameinamia kazi, machozi yanawachuruzika,
kila mmoja anatafuta tundu la sindano
na uzi unampita.
Na aliyewasha moto chumbani ni mie.

Niliacha Jumatatu isiyo na jambo.
Si Ramadhani, si mwaka mpya.
Kisha, hili hakuna aliyenionya,
nikaanza kukohoa kuliko nilivyokohoa nikivuta.
Makohozi rangi ya chai ya maziwa iliyolala.
Mkwe wangu Wadha akanitazama kwa pembe ya jicho,
nami kwa mara ya kwanza nakohoa
na sina la kuficha!
Dokta akacheka. Ni vinyweleo, akasema,
vya njia ya pumzi; vililala zamani, sasa vinafagia.
Viache vifagie.
Nikaviacha. Mwezi mzima wa vumbi,
kama nyumba inayofunguliwa wenyewe wakirudi safari.

Mikono ndiyo haikujua pa kukaa.
Nilishona kofia nne kabla ya Idi,
na ya tano nikaifumua yote,
kwa hasira tu.

Jumapili iliyopita nilidungwa, nusura mfupani.
Tone likaangukia kiua cha buluu, kofia ya bwana harusi;
nikalitoa kwa mate, kama tulivyofunzwa.
Alhamisi Ghaniya akaniuliza, kidole kipi kile?
Nikavigeuza vyote kumi chini ya taa.
Nikakikosa.

Juu bado napanda.
Tangi liko vile vile, linaunguza ukiligusa,
na mguu hunipeleka kabla sijauamrisha;
nasimama kidogo, nashuka.
Udi siku hizi nafukiza mara moja kwa wiki,
makaa mawili tu, mlango wazi.
Juzi nilikaa mbele ya chetezo kama mgeni.
Loh!
Kumbe ndivyo unavyonukia.