Kianzio

Kiasi gani? niliuliza,
pasi mkononi, mvuke ukipanda baina yetu.
Odanga aliegemea kaunta, akasoma bango letu la bei
(suruali mia, koti mia mbili, pazia ni mapatano)
akacheka kicheko cha mtu aliyeshiba.
"Dada Nyanchama, dola kumi.
Hata kumi zinatosha. Soko halibagui."

Dola kumi.
Nilizigeuza kichwani
kama ninavyogeuza shati nje ndani
kutafuta doa lilikoanzia:
elfu moja, mia mbili na tisini.
Gesi, ule mtungi mdogo. Nusu ya karo
anayodaiwa Gesare shuleni.

Akasema kuna pip. Nikasikia pipi.
Akasema kuna loti, kuna mishumaa,
mwekundu bei ikishuka, wa kijani ikipanda.
Kwetu Huruma mishumaa naijua,
huwashwa tokeni zikiisha,
na haipandi, inapungua tu.
Akasema dalali hukukopesha mkono mrefu,
unaweka shilingi moja, unashika mia tano.
Sikuuliza mkono huo ukianguka
unaangukia bega la nani.

Basi nikaanza kuweka.
Usidhani niliiba. Noti hurudishwa,
naifunga kwa karatasi, naandika jina, tajiri ni shahidi.
Ila sarafu zinazobaki pembeni mwa mifuko
ya suruali za watu wa ofisini,
zikigongana mashineni kama meno ya mtu mwenye baridi,
hizo hakuna aliyewahi kurudi kuziulizia.
Mkebe wa majani ya chai ukazimeza.
Mwezi wa pili, mia nne na kumi. Wa nne, mia tisa.
Jioni, Ngara ikinukia mvua na mahindi ya kuchoma,
nilijifunza kwa akaunti ya majaribio,
dola elfu kumi za uongo.
Nilizipoteza Jumanne, kabla ya chai ya saa nne.
Usiku sikulala. Za uongo, na sikulala.

Mwezi wa tano Odanga akaleta suti,
ya buluu, bitana ya hariri bandia,
ile ya kufundishia, orofa ya tatu, River Road.
Tikiti mia mbili kumi na nane.
"Naichukua Alhamisi."
Alhamisi ikapita, na dada zake kumi na mmoja.
Simu yake ikawa haipatikani.
Tajiri akasema siku tisini zikitimia, tunaiuza.
Deni lenyewe mia tatu na hamsini.

Siku ya themanini na tisa nilipekua mifuko, ni desturi.
Sarafu hapana. Karatasi, iliyokunjwa mara nne,
mwandiko wa kalamu inayokata roho:

Nyumba 6,500
Mama, dawa 1,800
Ukumbi na viti 2,000
Kumrudishia Akoth 14,000
Kuanza upya

na mbele ya hayo maneno, tarakimu hakuna.
Kalamu ilizungushwa pale pale, ikazungushwa,
mpaka karatasi ikatoboka.
Nilipoiinua, taa ya duka ilinichungulia tunduni.

Nikashusha mkebe.
Ulikuwa umetimia juma lile lile:
elfu moja, mia mbili na tisini.
Nikahesabu mia tatu na hamsini juu ya kaunta,
kumi kumi, tano tano,
tajiri akinitazama kama aliyeona paka akinunua samaki.
Daftarini nikaandika: 218, imelipwa.

Hajaja bado.
Kila Jumamosi naifuta vumbi mabegani,
karatasi yake nimeirudisha ilikokuwa.
Mia tisa na arobaini zimo mkebeni.
Na usiku, Gesare akishalala, nafungua simu,
naitazama bei ya yuro ikivuta pumzi, ikishusha,
kidole changu juu ya kitufe,
umbali wa unene wa uzi.