Kazi ya Bure

Dundee, Desemba. Saa tisa na nusu alasiri
jua limekwisha funga duka.
Nyuma ya kanisa, kule Lochee,
katika chumba kinachonuka vitunguu na makoti mabichi,
Bi Elspeth Geddes ananifunulia sanduku la viatu:
risiti za miaka kumi na moja, zimebanwa kwa mpira, mwezi kwa mwezi,
na daftari la kijani, lote kwa penseli.
"Kalamu," asema, "haijui kutubu."

Kampuni imempandishia bei:
pauni thelathini na nne kila mwezi
kwa programu inayomuuliza kila asubuhi,
Faida yako ni kiasi gani?
Yeye hugawa supu.

Nikasema, nitakuandikia nyingine.
Kwa bei gani?
Bure.

Mume wangu akageuza samaki kikaangoni, hakunitazama.
"Kazi ya bure, kazi bure."
Lugha yetu hii! Neno moja:
mlango linaloingilia zawadi
ndio huohuo linalotokea hasara.

Niliandika usiku, miguu ndani ya blanketi.
Kompyuta haikujua kwamba pesa ina kumbukumbu,
kwamba pauni hii ni ya magodoro, haiwezi kununua mkate
hata mkate ukilia;
na ile aliiacha marehemu dereva wa basi
kwa viatu vya watoto. Viatu tu.
Ikabidi niifundishe mashine wosia,
niipe kila sarafu sikio
ikumbuke iliambiwa nini ilipokuwa inatolewa.

Mama yangu alikuwa mweka hazina
wa chama cha kuzikana, Korogwe.
Panya walikula kurasa mbili za daftari,
kurasa zikamla yeye:
miaka sita wenzake walimsalimia kwa upande wa uso.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na jina la mtu nalo.
Haya niliyaandika katika mstari wa mia nne na tisa,
kwa Kiswahili, pale pa maelezo,
ambapo mashine hupita bila kusoma.

Machi nikaingiza miaka yote.
Urari ukakataa.
Matumizi yamezidi mapato, mwaka baada ya mwaka,
na bado akaunti ya benki haikuwahi kukauka.
Mara pauni sita, mara kumi na tisa,
Januari moja themanini na mbili
zimetoka mahali zisikotoka risiti.
Nikalaumu koma. Nikalaumu mabano.
Siku tatu nilitafuta kosa langu
katika kazi isiyokuwa na kosa.

Nikamwendea. Alikuwa anasugua sufuria.
Aliendelea kuisugua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.
"Penseli ina faida yake," akasema hatimaye.
Kisha: "Tangu paka wangu afe, pensheni inabaki.
Hujui alivyokuwa anakula yule."
"Mkaguzi atataka jina la mtoaji."
"Basi muweke yeye. Bwana Pirie."
"Bi Elspeth, paka hawezi kutoa msaada."
"Ametoa miaka minne," akasema, akaning'iniza sufuria ukutani.

Sikumweka. Mkaguzi ni mkaguzi.
Nilitengeneza kisanduku kipya, Mtoaji hataki kutajwa,
mama wa watu akasaini, mkono ukitetemeka kidogo,
kwa kalamu.

Lakini katika kile kisanduku cha jina,
kabla hujaandika chochote, kuna mfano wa kijivu hafifu.
Majuzi mtu wa Saskatchewan, anayehesabu fedha za nyumba ya wagonjwa,
kaniandikia kushukuru, programu inamfaa,
ila ana swali dogo:
huyu Pirie ni nani?

Sijamjibu bado.
Mume wangu kauliza, amelipa?
Nikamwambia, kula samaki wako.